Farasi wa Barazani na Farasi wa Mizani

Debe tupu haliachi kuvuma, walinena wahenga, na lau wangaliishi zama hizi za magari huenda wangaliongeza neno juu ya injini. Keti barazani popote Mombasa baada ya sala ya Isha, kahawa chungu ikizunguka na kashata, na hutakosa kumsikia kijana akiapa kuwa gari lake lina nguvu za farasi kadha wa kadha.

Usiku mmoja mtaani kwetu kijana alitutajia farasi 250. Injini aliinunua kuukuu kwa akiba ya miaka miwili, akitaraji kuingia mashindanoni, na hesabu hiyo alipewa na muuzaji. Mzee mmoja, fundi wa mitambo ya boti tangu ujanani, akatua kikombe, akamwuliza, "Mwanangu, farasi hao umewahesabu, au umehesabiwa?" Baraza zima likacheka. Kijana hakucheka. Akajibu, "Ami, nitawahesabu."

Basi, ndugu msomaji, farasi hao huhesabiwaje? Kipimo chenyewe ni cha kale. Karne ya 18 ikielekea kwisha, James Watt wa Uskoti, akitaka kuuza mitambo yake ya mvuke, aliilinganisha kazi yake na ile ya farasi waliokuwa wakizungusha vinu. Akakadiria kuwa farasi mmoja huinua ratili 33,000 kimo cha futi moja kwa dakika moja. Mwaka 1821 mhandisi Mfaransa, Gaspard de Prony, akabuni breki ya kupimia: shafti inayozunguka ilibanwa, na mkono mrefu wenye uzani ukaonyesha nguvu ya mzunguko. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude akatumia maji kuwa breki. Dainamometa ya leo, ambayo mafundi huiita daino, ni mjukuu wa hizo. Waama, ni mizani tu: huipa injini mzigo, na kupima inavyopambana nao.

Daino ziko namna mbili. Ya kwanza, injini hutolewa garini, ikafungwa kwenye fremu na kuunganishwa na breki. Ya pili, gari zima hupandishwa juu ya rola za chuma na kufungwa kwa mikanda, kisha tairi huzungusha rola. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini hizi haziishii popote! Hesabu ya rola huwa ndogo kuliko ya injini tupu, kwani giaboksi, difu na tairi hula sehemu ya nguvu njiani.

Kijana wetu alipanda Nairobi, akalifikisha gari lake kwenye karakana ya kupimia. Alidhani fundi atakanyaga mafuta mara moja na kumpa karatasi. La hasha. Fundi alianza na oili, maji na mikanda, akaweka feni kubwa mbele ya rejeta, na kifaa katika ekzosi cha kuonyesha hewa na petroli vinavyochanganyika. Injini ikapashwa moto polepole. Kisha akaikaza.

Ilipopita mizunguko 5,000 kwa dakika, fundi akaachia mafuta ghafla. Kijana akamaka, "Mbona umeacha?" Fundi akamwonyesha mchoro. Petroli ikiungua sawasawa hutaka ratili 14.7 za hewa kwa ratili moja ya petroli; lakini injini ikikazwa hadi mwisho hutaka petroli zaidi, hata hewa ikawa ratili 12.5 au 13 tu, ili ipoe. Yake ilikuwa imepanda kupita 15. Ilikuwa na kiu. Dakika chache za mwendo huo, na pistoni zingeyeyuka pamoja na akiba ya miaka miwili. Kumbe chujio la petroli lilikuwa limeziba!

Lilipobadilishwa, injini ikapimwa mara tatu, maana kipimo kimoja si ushahidi. Hesabu ikatua kwenye farasi 150. Kijana akainama. Fundi akamtuliza: Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza huko kama sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Mombasa hao 150 ni kama 180, na ukirudisha zilizoliwa na giaboksi, injini yenyewe ina kama 210. Si 250 za muuzaji, lakini ni za kweli.

Wala tusidhani kutia chumvi ni tabia ya wauzaji wadogo. Marekani, hadi mwanzo wa miaka ya 1970, viwanda vilitangaza nguvu za injini iliyopimwa tupu, bila ekzosi ya gari wala vifaa vinavyoilemea. Cadillac Eldorado ya mwaka 1971 ilitangazwa farasi 365. Mwaka 1972, kipimo kilipogeuzwa, injini ile ile ikawa na farasi 235. Na mwaka 1999 wenye magari ya Ford Mustang Cobra, yaliyotangazwa kuwa na farasi 320, waliyapeleka kwenye daino wakaona pungufu. Kampuni ikasimamisha mauzo, ikayaita magari na kuyarekebisha. Raia mwenye karatasi ya mizani alikitoa kiwanda kikubwa jasho.

Kwa hivyo anayetaka kupima na ashike mambo matatu. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, ajue kilicholeta faida. Alinganishe vipimo vya mashine ile ile. Na asitazame kilele cha mchoro peke yake, bali atazame mstari wote, kwani barabarani gari huishi katikati ya mstari huo.

Kijana alirudi barazani na karatasi yake, akamkabidhi mzee. Mzee akaisoma, akamsogezea kahawa. "Sasa una farasi wako, mwanangu," akasema. "Wale wengine walikuwa wa muuzaji."