Kumwona mshauri nasaha si kuwa kichaa

“Huyo kachanganyikiwa, mpelekeni Mirembe!” Kama unaishi Dodoma, Kondoa, Manyoni au Singida, maneno haya umeshayasikia mara nyingi. Watu hucheka. Lakini huenda kati ya hao wanaocheka yumo mmoja ambaye usiku halali, chakula hakipiti na masomo hayaingii. Anataka kumwambia mtu, ila anaogopa. Anajiuliza: nikisema, si nitaitwa kichaa?

Kwanza tuiweke sawa hiyo Mirembe. Ni hospitali iliyoanza mwaka 1927 hapa Dodoma, na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Ugonjwa wa akili unatibiwa kama magonjwa mengine, na kuugua si kosa wala laana. Pili, kuzungumza na mshauri nasaha si kulazwa. Wengi wanaomwona mshauri hawana ugonjwa wa akili kabisa. Wana mzigo tu: wazazi wameachana, mvua imegoma na hela ya shule haipo, mama kafariki, mpenzi kamwacha, au mtihani unakaribia na kichwa kinagoma.

Wala hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 42 lina watu 6.

Nitampata wapi?

Anzia karibu. Ulizia shuleni mwalimu wa ushauri na unasihi. Kwenye kituo cha afya, muulize muuguzi au daktari. Kwenye halmashauri yupo afisa ustawi wa jamii. Huhitaji hotuba ndefu. Sema tu: “Shikamoo mwalimu. Kuna jambo linanisumbua, naomba tuzungumze faragha.” Inatosha.

Siku ya kwanza itakuwaje?

Mtakaa mahali ambapo wengine hawasikii. Atakuuliza unaishi na nani, unalalaje, unakulaje, na tatizo lilianza lini. Ukilia, lia. Ukinyamaza, atasubiri. Usitegemee kwamba utatoka hapo mzigo wote umeisha. Wengine hutoka wamepumua, wengine hutoka wamechoka zaidi kwa sababu wamegusa kidonda. Ndiyo maana mtapanga siku ya kurudi.

Je, siri yangu itatunzwa?

Muulize mwenyewe kabla hujaanza, ni haki yako. Mshauri mzuri hapeleki maneno yako kwa walimu wenzake wala kwa washikaji zako. Lakini siri ina mpaka. Kama maisha yako yamo hatarini, au kuna mtu anakupiga, anakubaka au anakuchezea mwili, itabidi amshirikishe mtu anayeweza kukulinda. Akifanya hivyo, anapaswa kukueleza atamwambia nani na kwa nini.

Atanipa jibu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mshauri si mganga wa kukupa dawa ya siku moja, wala si mzee wa kukuhubiria. Kazi yake ni kukusaidia kuona njia.

Tuseme msichana wa Kidato cha Tatu kutoka Bahi anaishi kwa shangazi yake mjini. Kazi za nyumbani zinaisha saa 4 usiku. Darasani anasinzia, anaadhibiwa, na sasa anaona heri aache shule. Mshauri hatamwambia “vumilia.” Atamuuliza: kati ya haya yote, lipi tulishike kwanza? Wataorodhesha njia: kuongea na shangazi, kumwomba mama apige simu, kumweleza mwalimu wa darasa. Msichana mwenyewe ndiye atakayechagua moja na kuijaribu. Wiki ijayo anarudi kueleza imekwendaje. Ikigoma, wanajaribu nyingine.

Unaona ni jambo dogo? Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina bibi kuzungumza na watu kwa njia kama hii, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Na mazoezi ya akili je?

Haya ni tofauti kidogo. Hapa huna tatizo kubwa, ila unataka akili isikutupe wakati wa kazi: kwenye penalti ya UMISSETA au kwenye mtihani wa taifa. Mwaka 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia huko Tokyo. Baada ya kilometa 42, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Mbio kama hizo zinataka miguu, lakini zinataka pia kichwa kisichokata tamaa.

Jaribu haya kila siku, usingoje siku ya mtihani:

1. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia mara 10.
2. Gawa kazi. Usifikirie karatasi nzima, fikiria swali lililo mbele yako.
3. Angalia unavyojisemesha. Badala ya “mimi hesabu siwezi,” sema “swali hili sijaliweza bado, naanza na lile.”

Usisubiri

Kama unafikiria kujiua, au kuna mtu anakudhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii. Au piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Haikatwi hela. Rafiki yako akikuambia anataka kufa, usimtunzie siri hiyo na usimwache peke yake.

Na ukikutana na mshauri anayekutangaza, anayekutaka kimapenzi au anayetaka kukushika mwili, ondoka na umweleze mtu mwingine. Kosa ni lake, si lako. Washauri wazuri wapo, mtafute mwingine.

Safari nyingine ukisikia “mpelekeni Mirembe,” usicheke. Huenda jirani yako wa dawati anasikiliza, anapima kama wewe ni mtu wa kuambiwa.