Kaye ya Mambo ya Moyo

Maji yakichemka ndani ya chungu, mvuke unatafuta njia ya kutoka. Mama akikaza kifuniko sana, mvuke unakisukuma, kifuniko kinaruka-ruka, maji yanamwagika na kuzima moto. Lakini akiacha nafasi kidogo, mvuke unatoka polepole, na chakula kinaiva vizuri.

Moyo wa mtu ni vilevile. Hasira, woga, haya na huzuni vikifungiwa ndani siku nyingi, vinatafuta njia ya kutoka. Mtoto aliyechekwa na wenzake katika kalasi anarudi nyumbani na kumpiga mdogo wake asiye na kosa. Mwingine aliyefiwa na mjomba wake anakataa kula, wala hawezi kueleza kwa nini. Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.

Njia za kutuliza moyo ni nyingi: kuongea na mtu, kuimba, kulia, kufanya kazi ya mikono. Somo hili linaeleza njia moja ambayo kila mtoto anayejua kusoma na kuandika anaweza kuifuata. Njia hiyo ni kuandika katika kaye.

Kitabu cha siku

Kaye ya namna hii inaitwa kitabu cha siku. Haifanani na kaye ya hesabu, wala hakuna mwalimu wa kuisahihisha kwa wino mwekundu. Mwenye kaye anaandika tarehe, kisha mambo yaliyompata siku ile, na namna moyo wake ulivyoyapokea. Haandiki ili asifiwe. Anajiandikia yeye mwenyewe.

Msichana aliyejificha

Kitabu cha siku kinachojulikana sana duniani kiliandikwa na msichana mmoja Myahudi, jina lake Anne Frank. Alizaliwa Frankfurt, katika Ujerumani, mwaka 1929. Mwaka 1933 Hitler alishika utawala wa nchi ile, akaanza kuwatesa Wayahudi. Kwa hiyo jamaa ya Anne ilihamia Amsterdam, katika Uholanzi. Lakini mwaka 1940, wakati wa vita ya pili ya dunia, askari wa Hitler waliingia Uholanzi pia, na mateso yakawafuata huko.

Tarehe 12 Juni 1942 Anne alitimiza miaka 13, akapewa zawadi ya kitabu cha kuandikia, chenye jalada la miraba-miraba myekundu na myeupe. Hata mwezi mmoja haukupita, dada yake Margot akapata barua ya kumwita kwenda kambi ya kazi. Wazazi walijua hatari ya barua ile. Tarehe 6 Julai jamaa nzima ikajificha katika vyumba vya nyuma vya nyumba ambamo baba alikuwa akifanya biashara. Mlango wa kuingilia ulifichwa nyuma ya kabati ya vitabu.

Watu 8 walijificha mle, na jamaa ya Anne ilikaa zaidi ya miaka 2, pasipo kutoka nje hata siku moja. Mchana, wafanyakazi walipokuwa chini, wao walitembea polepole, walinong'ona, wala hawakuthubutu kumwaga maji katika choo. Marafiki wachache waaminifu waliwaletea chakula na habari. Mtoto wa miaka 13 anapenda kukimbia, kucheka na kupiga kelele. Anne hakuweza. Tena watu waliobanwa mahali padogo wanagombana upesi. Anne aligombana na mama yake, na watu wazima wengine walimkemea mara nyingi.

Uchungu huo wote aliuweka katika kitabu chake. Alikiandika kama barua kwa rafiki asiyekuwako, akampa jina la Kitty. Alimweleza Kitty woga wake usiku ndege za vita zilipopita, na hasira yake, na hamu yake ya kuona jua. Kitabu cha kwanza kilipojaa, aliendelea katika kaye nyingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 Anne alisoma tena kurasa zake za zamani. Aliona maneno makali aliyoyaandika juu ya mama yake, akashangaa na kuona haya. Alitambua ya kuwa yeye pia alikuwa na makosa katika ugomvi ule. Hii ni faida kubwa ya kaye: siku ya hasira mtu anajiona ana haki yote, akisoma tena baada ya siku nyingi, anajiona kama anavyomwona mtu mwingine.

Tarehe 4 Agosti 1944 polisi waliwakamata wote 8. Anne na Margot walikufa katika kambi ya Bergen-Belsen mwanzoni mwa mwaka 1945, Anne akiwa na miaka 15. Katika wale 8, baba yake peke yake ndiye aliyerudi. Mwanamke mmoja katika wale marafiki, jina lake Miep Gies, alikuwa ameziokota karatasi za Anne na kuzitunza bila kuzisoma. Alimkabidhi baba, na mwaka 1947 zikatolewa kama kitabu. Leo kinasomwa katika lugha zaidi ya 70.

Kaye haikumwokoa Anne na adui zake. Lakini katika siku zile za kufungiwa, ilimpa mahali pa kusema bila kunong'ona.

Namna kuandika kunavyosaidia

Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake, alieleza jaribio walilofanya na wanafunzi 46. Wanafunzi waliandika dakika 15 kila siku, kwa siku 4. Wengine waliandika mambo ya kawaida, wengine waliandika mambo yaliyowaumiza sana katika maisha yao. Waliosimulia mambo yaliyowapata, na pia namna walivyoyasikia moyoni, walisikia huzuni mara baada ya kuandika. Lakini katika miezi 6 iliyofuata, walikwenda kwa mganga mara chache kuliko wale wengine.

Sababu yake si uchawi. Jambo lisilosemwa linazunguka kichwani bila mwanzo wala mwisho. Ili kuliandika, mtu analazimika kutafuta neno lake: Je, hii ni hasira, ao ni haya? Ilianza lini? Nani alifanya nini? Jambo lililopata jina na mpango linapungua nguvu ya kutisha.

Namna ya kuanza

Kwanza, mtoto atafute kaye ndogo na mahali pa utulivu. Dakika 10 zinatosha. Pili, aandike tarehe, kisha aandike ukweli katika lugha anayoisema nyumbani. Asihangaike na makosa ya maandiko. Tatu, asiandike mabaya tu. Jambo la furaha nalo liandikwe, lipate kumtia nguvu siku nyingine. Nne, akikosa siku moja ao wiki nzima, aendelee tu. Kaye haina azabu.

Tena kuna mambo mawili ya kushika. Kaye ya mtu ni siri yake: anayeisoma kwa kuiba anafanya kama mwizi anayevunja mlango wa nyumba. Na la pili ni kubwa zaidi. Karatasi inasikia, lakini haina mikono. Mtoto anayepigwa kupita kiasi, anayefanyiwa mambo ya aibu, anayeumwa ao anayewaza kujiumiza, asibaki na kaye peke yake. Amwambie mzazi, mwalimu ao mtu mzima mwingine anayemtumaini. Wa kwanza asipomsikiliza, amwambie mwingine. Akishindwa kusema kwa kinywa, ukurasa aliouandika aupeleke ukaseme kwa ajili yake.

Maulizo

1. Sababu gani maji yanamwagika chungu kikifunikwa sana?
2. Anne alimwandikia nani barua zake?
3. Anne alitambua nini aliposoma tena kurasa zake za zamani?
4. Mambo gani yasibaki katika kaye tu? Mtoto ayapeleke kwa nani?
5. Andika mistari 5 juu ya siku ya jana: mambo yaliyokupata, na namna moyo wako ulivyoyapokea. Hutalazimishwa kuyasoma mbele ya kalasi.