Je, Wajua? Mdondo na Mkasi wa Kirusi

Je, wajua kuwa seli za mwili, zako na za kuku wako, zimevikwa minyororo ya sukari kwa nje? Mingi huishia na kipande kiitwacho asidi ya sialiki. Hapo ndipo kirusi cha mdondo, au kideri, hujishikiza kinapoingia kooni mwa kuku.

Lakini mahali kinaposhika ndipo kinaponasa. Virusi vipya vikichipuka kutoka kwenye seli hubaki vimegandana na sukari ileile. Mkasi wao ni kimeng'enya kiitwacho nyuraminidesi: hukata asidi ya sialiki, navyo vikaachiwa kwenda kushambulia seli nyingine. Kwa mdondo, kushika na kukata ni kazi ya protini moja, HN. Kirusi cha mafua kimegawa kazi hizo kwa protini mbili. Herufi N kwenye H5N1 ndiyo nyuraminidesi.

Je, wajua mkasi huu huonekana ukifanya kazi bila hadubini? Mwaka 1941 George Hirst, mtafiti wa Marekani, aliona virusi vya mafua vikigandisha chembe nyekundu za damu ya kuku. Kipimo kilichotokana na hilo hutumika mpaka leo kwa mdondo. Kwenye sahani yenye vishimo, damu isiyo na virusi hutuama chini na kuwa kidoa chekundu. Yenye virusi hutanda kishimo kizima. Fundi wa maabara asichelewe kusoma: nyuraminidesi ikishakata, chembe huachana na jibu hupotea.

Jina la kitaalamu la mdondo, Newcastle, limetokana na mji wa Uingereza ulikoonekana ugonjwa huu mwaka 1926.

Gulio la Tengeru mkoani Arusha, Jumatano na Jumamosi, ni mahali pa kuwa macho. Kuku aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa. Anashushwa kwenye tenga, anakosa mnunuzi, jioni anarudishwa Nkoaranga na kuchanganywa na wenzake. Baadaye ndiyo unaona mabawa yamelegea, kinyesi cha kijani, shingo imepinda. Banda lisilochanjwa linaweza kuisha lote. Hakuna dawa ya kuutibu, iwe ya dukani au shubiri na pilipili, na inauma kuona mama akimaliza akiba yake kwa dawa hizo wakati chanjo ipo.

Chanjo yenyewe? I-2, iliyotengenezwa kwanza Australia na sasa huzalishwa nchini, Kibaha. Inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, hivyo hufika hata Oldonyosambu kusiko na jokofu, mradi ikingwe na jua. Tone moja kwenye jicho moja, subiri kuku apepese ndipo umwachie, kisha rudia kila baada ya miezi 3. Kingamwili zinazojengeka huikamata HN yenyewe, kirusi kikakosa cha kushikia.

Ng'ombe nao? Vimelea vya nagana vinavyoletwa na ndorobo vina kimeng'enya cha jamii ileile ya nyuraminidesi. Huzivua chembe nyekundu sukari yake, mwili ukaziona mbovu na kuziteketeza, ng'ombe akaishiwa damu.

Na wewe mchanjaji wa kuku, nawa mikono kabla ya kujigusa usoni. Kirusi cha mdondo, hata cha chanjo, kikiingia jichoni huweza kulifanya jekundu na kuchuruzika machozi kwa siku chache.