ADUI ASIYEPIGA HODI: Jinsi kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi kinavyoikwepa kinga ya mwili

Akina mama wengi wa Laela na vijiji vingine vya Ufipa huenda zahanati pale wanapoumwa. Asiyeumwa huendelea na shamba. Lakini upo ugonjwa ambao haufai kusubiriwa hivyo, nao ni saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 nchini Tanzania waliupata ugonjwa huu, na zaidi ya 6,000 walifariki. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Je, kwa nini mwili hautoi taarifa mapema?

Chanzo chake

Saratani hii husababishwa na virusi vya papiloma, kwa kifupi HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takribani visa 7 kati ya kila 10. Karibu kila mtu mwenye kujamiiana huambukizwa HPV wakati fulani, na kwa walio wengi kinga ya mwili huviondoa ndani ya miaka miwili hivi. Hatari ipo kwa wale ambao virusi hubaki kwao.

Kinavyojificha

Kila mkulima anamjua dumuzi. Hindi huonekana zima kwa nje, kumbe ndani limekwisha kuwa unga. HPV nayo hufanya kazi kwa siri:

1. Haipiti kwenye damu, ambako askari wa mwili ni wengi. Huingia kwenye michubuko midogo na kukaa katika seli za tabaka la chini la ngozi laini ya mlango wa kizazi.

2. Haipasui seli. Husubiri seli ipande juu na kubanduka yenyewe, ndipo itoke nayo. Hivyo hakuna homa, usaha wala uvimbe wa kuwaamsha askari.

3. Huziba mdomo wa seli. Kwa kawaida seli iliyovamiwa hutuma ishara ya hatari, tena huonyesha vipande vya adui juu ya ukuta wake. Protini za kirusi hiki hupunguza ishara hizo na kuvificha vipande hivyo.

Protini mbili, E6 na E7, huharibu pia breki zinazozuia seli kuzaliana ovyo. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka 15 hadi 20, saratani huweza kutokea. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hajatibiwa, kinga imedhoofika, hivyo huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwafundishe askari kabla adui hajafika. Chanjo ya HPV ina maganda matupu ya kirusi, yasiyo na uwezo wa kuambukiza. Yakichomwa kwenye msuli, kinga huyaona waziwazi na kutengeneza silaha nyingi kuliko maambukizi yenyewe yanavyoweza kuchochea. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kuwapa wasichana wa miaka 9 hadi 14 dozi moja tu. Wazazi wengine husikia kwamba chanjo hii huondoa uzazi. Si kweli, inaulinda mlango wa kizazi.

Pili, macho ya mhudumu yaone kile ambacho kinga haikukiona. Hupaka dawa mfano wa siki kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Mara nyingi sehemu hiyo huweza kutibiwa kwa tiba mgando, yaani kugandishwa kwa baridi kali, kabla haijawa saratani. Ikishakuwa saratani, safari ni ndefu. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya km 1,000 kutoka Laela.

Akina mama wa miaka 30 hadi 50, na wenye VVU hata kabla ya umri huo, ulizeni kituo cha afya kuhusu uchunguzi huu. Akina baba, toeni nauli na ruhusa bila kusubiri mama augue. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi ni dalili ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Lakini anayengoja dalili amempa adui miaka mingi ya kufanya kazi. Kutokuumwa si ushahidi kwamba tu wazima.