Doa jeupe Ruvuma: ukoma, mba, usubi au mbalanga?

Haya wadau, leo naomba siasa tuiweke pembeni tuongelee ngozi. Manake kila nikigusia mambo ya afya hapa, swali linalorudi ni lile lile: "Kaka, nina doa jeupe, hivi huu si ukoma?" Wanaouliza wengi ni vijana, na najua wanaandika wakiwa cafe huku mkono mmoja umefunika skrini ili jirani asisome.

Kwetu Mbinga, na huku chini ufukweni Mbamba Bay, Liuli mpaka Lituhi, doa jeupe linaweza kuwa moja kati ya magonjwa manne tofauti kabisa. Matatu yanaletwa na vijidudu na dawa zake zinajulikana. La nne ni mwili wenyewe kujishambulia. Hilo la nne ndilo ninalolitaka leo, ila hatuwezi kulifikia bila kupita kwa yale matatu, kwa sababu ndiyo yanayolificha.

Tuanze na mba. Hii ni fangasi, inapenda kifua, mgongo na shingo, hasa kwa mtu anayetoka jasho sana. Ukikwangua kidogo kwa ukucha unatoka unga unga. Dawa ya fangasi inaitibu, lakini rangi huchukua wiki au hata miezi kurudi, ndiyo maana watu wanadhani dawa imeshindwa.

Halafu usubi. Mkoa wa Ruvuma ni moja ya maeneo yenye usubi nchini. Nzi mdogo mweusi anazaliana kwenye mito inayokwenda kasi, na milima ya Umatengo ina mito ya namna hiyo. Akikuuma anaacha minyoo ambayo watoto wake wanatembea chini ya ngozi. Unajikuna miaka. Mwisho ngozi ya mbele ya miguu, chini ya goti, inapoteza rangi na kubakiza vidoti vyeusi. Wataalamu wanaiita ngozi ya chui. Wote mnajua mambo ya zaidi ni macho kupofuka. Ile fimbo wanayokupimia urefu kijijini kabla ya kukupa vidonge ndiyo kazi yake hiyo: dawa ni ivamektini, Mectizan, ambayo watengenezaji wake wamekuwa wakiitoa bure kwa ugonjwa huu tangu 1987.

Ukoma sasa, ambao ndio unaotisha watu. Doa la ukoma kwa kawaida siyo jeupe kama maziwa. Limepauka tu, au lina wekundu, na mara nyingi halina hisia. Mganga hospitalini anakuambia fumba macho, anakugusa na kipande kidogo cha pamba, wewe unaonyesha alipogusa. Ukishindwa kusikia pamba juu ya doa, hapo kuna kazi ya kufanya haraka. Tanzania ilifikia kiwango cha kitaifa cha kuutokomeza mwaka 2006, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, lakini wagonjwa wapya bado wanapatikana. Dawa ni bure, miezi 6 au 12. Anayechelewa ndiye anayepoteza vidole, siyo anayemeza dawa.

Na mbalanga, ambayo madaktari wanaiita vitiligo. Hapa doa ni jeupe kabisa, kama chokaa. Kwa kawaida haliwashi, halitoi unga, na hisia zipo zote: pamba unaisikia, sindano unaisikia. Linapenda kuanzia kwenye vidole, kuzunguka mdomo na macho, viwiko na magoti, mara nyingi pande zote mbili kwa kufanana. Haiambukizi. Narudia jamani, haiambukizi: siyo kwa kikombe, siyo kwa shuka, siyo kwa kushikana mikono.

Nasisitiza kwa sababu shangazi yangu anauza dagaa huko Lituhi, na mikono yake ilipoanza kuwa myeupe wateja walihama mmoja mmoja. Dagaa ni wale wale, wametoka ziwa lile lile, wameanikwa kwenye kichanja kile kile, ila mkono unaopima ndio watu hawakuutaka. Kwenye zahanati moja alipewa dawa ya fangasi mwaka mzima. Mtaani wakamwambia amerogwa na wenzake wa biashara. Sasa hivi binti yake ndiye anayepima, yeye anakaa nyuma. Hakuna aliyewahi kumgusa na pamba.

Sasa tuje kwenye sayansi, na mtanivumilia kidogo. Mtu alijuaje kwamba mwili unaweza kujishambulia wenyewe? Kwa ngozi, hatua kubwa ilitokea mwaka 1964 kule Buffalo, Marekani. Watafiti wawili, Ernst Beutner na Robert Jordon, walikuwa wanachunguza pemfigasi, ugonjwa nadra ambao ngozi inatoka malengelenge na kuchubuka kama mtu aliyeungua. Walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa, wakayaweka juu ya kipande cha ngozi, wakatumia rangi inayong'aa chini ya darubini. Wakaona kinga kutoka kwenye damu ya mgonjwa imenata kwenye ngozi, kuzunguka seli. Wale askari waliotakiwa kupigana na vijidudu walikuwa wanakata gundi inayoshikanisha seli za ngozi. Kabla ya hapo mtu angeweza kubisha. Baada ya hapo ilikuwa ngumu.

Kwa mbalanga imechukua muda zaidi, kwa sababu wanaofanya fujo siyo kinga za kwenye majimaji ya damu bali seli zenyewe za ulinzi, zinazoitwa seli T. Zinaingia kwenye ngozi na kuua seli zinazotengeneza rangi. Mtafiti mmoja wa magonjwa ya ngozi, John Harris wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alitengeneza panya wenye ugonjwa unaofanana na mbalanga ili aone mambo hatua kwa hatua. Yeye na wenzake wakaonyesha kuwa seli T zikishafika zinatoa kemikali iitwayo interferoni gama, na ngozi ikiisikia inatoa kemikali nyingine inayoita seli T zaidi. Kama mlinzi mmoja anayepiga filimbi kila mara, na kila filimbi inaleta walinzi wengine, wakati mwizi hayupo kabisa.

Ukishajua filimbi iko wapi, unaweza kuiziba. Ndivyo ilivyopatikana krimu ya ruksolitinibu, iliyoruhusiwa Marekani Julai 2022 kwa wenye mbalanga wa kuanzia miaka 12. Msishangilie sana. Kwenye majaribio makubwa mawili, baada ya wiki 24, karibu watu 3 kati ya 10 walirudishiwa angalau robo tatu ya rangi iliyopotea usoni. Mikono na vidole ndiyo migumu zaidi. Na bei yake huko Marekani siyo ya muuza dagaa.

Kwa huku kwetu kuna vya zamani vinavyosaidia baadhi ya watu: krimu za steroidi na mwanga maalumu, chini ya usimamizi. Nasema usimamizi kwa sababu najua nyie. Mtu akisikia steroidi anakimbilia mkorogo wa dukani. Mkorogo unachubua ngozi nzima na unamvuruga daktari asijue anaangalia nini. Jingine ni tezi ya shingo: kinga inayoshambulia rangi wakati mwingine inashambulia na tezi, kwa hiyo inafaa kupimwa.

Maarufu wetu wa mbalanga mnamjua. Michael Jackson alimwambia Oprah mwaka 1993 kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi, nusu ya dunia ikacheka. Uchunguzi wa mwili wake 2009 ukathibitisha. Siku ya vitiligo duniani ni Juni 25, tarehe aliyofariki.

Turudi nyumbani. Tanzania tuna kituo ambacho nchi nyingi hazina. Mwaka 1992 kilianzishwa pale KCMC, Moshi, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Henning Grossmann. Wazo lilikuwa la akili: madaktari bingwa wa ngozi Afrika wanahesabika, basi wachukue maafisa tabibu, wawafundishe ngozi miaka 2, warudi kwenye wilaya zao. Daktari Barbara Leppard, aliyefundisha pale, alitoa mwaka 2002 kitabu cha picha za magonjwa ya ngozi za Kiafrika, manake vitabu vingi vilionyesha ngozi za Wazungu, ambako doa jeupe hata halionekani. Yeye na wenzake walipima wanakijiji, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 1998 walikuta zaidi ya theluthi moja wana tatizo la ngozi. Katika umati huo wenye upele, choa na fangasi, yule mmoja wa mbalanga au pemfigasi anapotea kirahisi.

Shida ni kwamba kutoka Mbinga hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000. Lami ya Mbinga mpaka Mbamba Bay tumeipata, lakini hiyo inakufikisha Mbinga tu. Kwa hiyo anzia karibu: hospitali ya wilaya, Litembo, Liuli au Peramiho. Omba upimwe hisia kwa pamba. Piga picha ya doa kwa simu, mchana nje, siyo kwa taa, andika tarehe, rudia kila mwezi. Daktari akiona linavyotembea anaelewa haraka kuliko maneno yako. Lakini kama ni malengelenge yanayochubuka, hasa na vidonda mdomoni, usisubiri mwezi, nenda leo.

Na mdau yeyote aliyewahi kuhudumiwa Ruvuma na mtaalamu wa ngozi aliyesomea Moshi, aandike hapo chini alimkuta hospitali ipi na siku gani anakuwepo, ili mtu wa Lituhi asipande gari bure.