Karbiratere ya bwato si ya gari

Ndugu mfanyakazi, wewe unayeshinda katika atelye siku za kazi, na siku ya mapumziko unashuka Lufira, Mweru au Tanganyika kutengeneza motere ya bwato la jamaa, leo tunasema nawe. Motere za mazutu hazina karbiratere, basi hizo tuziache. Shida yetu ni zile za zamani za esanse, zinazofungwa ndani ya bwato, chini ya mbao, kama ndani ya sanduku.

Jua kwanza kwamba mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Gari likivuja, mvuke unaanguka chini na upepo unaupeleka. Bwato halina tundu chini, lingekuwa nalo lingezama! Basi mvuke unashuka katika tumbo la bwato, kule maji machafu yanakokusanyika, unakaa palepale. Wala hauhitaji jua kali. Esanse inatoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya digri 40 chini ya sifuri, na kwetu hakuna asubuhi ya namna hiyo. Cheche moja ya batri au ya demarere yatosha.

Kwa hiyo usifungue karbiratere ndani ya bwato. Funga robine ya esanse, ondoa nyaya za batri, fungua karbiratere nzima, uibebe wima bila kumwaga, uipeleke pwani mahali pa wazi. Tazama pia upepo unakotoka, maana pwani zetu hazikosi moto wa kukaushia samaki.

Wengi wanasafisha kwa esanse na mikono mitupu. Esanse inakausha ngozi mpaka inapasuka, tena ndani yake mna benzeni, ambayo ikiingia mwilini miaka mingi inaharibu mahali damu inapotengenezwa. Vaa glavu zisizopitisha esanse, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Ukipuliza vitundu kwa hewa ya kompresere, vaa miwani. Usipulize kwa mdomo. Usichokoe jikleri kwa waya wa chuma: tundu linapanuka, motere inakunywa esanse kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Sasa tuje kwenye floteri, kile kiboya cha shaba njano. Kitikise karibu na sikio. Ukisikia majimaji ndani, kimetoboka, kimekuwa kizito, na hakiwezi tena kuinua sindano ili ifunge esanse. Kuonja tundu liko wapi, kitie katika maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni na kuletwa mbali na moto, povu litakuonyesha. Lakini usikiunge kwa risasi wakati esanse iko ndani, kitapasuka usoni. Mimi nasema heri ununue kipya, pamoja na sindano yake na kiti chake, kwani sindano iliyochimbika haizibi hata ukiisugua siku nzima.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Karbiratere ya gari na ya bwato zinafanana, matundu ya boloti yanaweza kulingana, na ya gari ni rahisi kupata sokoni. Basi wanafunga ya gari. Lakini ya bwato imetengenezwa hivi: esanse ikizidi, inarudi katika koo lake yenyewe na kuingia motereni. Ya gari inaweza kuimwaga nje, nawe umekwisha kujua inaanguka wapi. Tena juu ya mdomo wa ile ya bwato kuna kifuniko chenye nyavu za chuma. Motere ikikohoa na kutema moto nyuma, nyavu zinauzima. Watu wanakitupa, eti kinazuia hewa. Kioshe, kikauke, ukirudishe.

Kabla ya kuwasha, fungua mbao zote, inama unuse mpaka chini, na kama kuna ventilatere iache izunguke dakika 4 kwa uchache. Pua si fundi kamili, inazoea harufu upesi. Mwite na mwenzako anuse. Usiwashe motere ndani ya banda lililofungwa, moshi wake unaua bila harufu kali.

Wala usimwage esanse katika koo la karbiratere ili motere ishike upesi. Kijana mmoja tuliyempokea dispansere alifanya hivyo: motere ilikohoa mara moja, akaungua uso na mikono miwili. Jamaa zake walimpaka dawa ya meno na mafuta ya mawese, tukapoteza muda mrefu kuviosha huku yeye akilia. Aliyeungua mwagie maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, hata ya ziwa kama hakuna mengine. Mvue pete na saa kabla vidole havijavimba. Funika kwa kitambaa safi, umlete.

Na mwenye kuvuta esanse kwa tiyo na mdomo, akimeza, msimtapishe, msimpe maziwa. Hatari iko mapafuni, nayo huongezeka akitapika. Aje dispansere siku ileile, na akianza kukohoa asingoje hata saa moja.