Baiskeli ya Kiangazi na Masika

Akina mama wapenzi, kabla ya kutoa fedha za baiskeli, tuulizane: je, itatufikisha kliniki na mtoto hata wakati wa masika?

Ile ya mbio ya mtumba, yenye gia na tairi nyembamba, ni nyepesi, lakini huteleza topeni. Mara nyingi haina madigadi wala keria. Phoenix ya China, ya tairi za inchi 28, ni nzito, ila keria yake ni imara na spea hupatikana kwa urahisi. Kasoro yake ni breki: ringi za chuma zikilowa, hazishiki upesi. Mvuani tupunguze mwendo, tukamate breki mapema.

Sisi wauguzi tumefunga vidonda vya watoto walionaswa miguu na spoki. Tukishanunua, tufunge wavu imara pande zote mbili za gurudumu la nyuma, ndipo tumpakie mtoto.